Jumatatu Tatu za Mpishi wa Sabuni

Barua ilimfikia Mpishi siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, akiwa juu ya jukwaa la sufuria ya kwanza, jasho likimtiririka mpaka kwenye kamba ya aproni. Aliyeileta alikuwa Karani wa ofisi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye siku zote hakupenda kupanda ngazi ile kwa sababu ya moshi. Siku hiyo alipanda.

"Mzee wangu, hii yako. Isome yote, kisha utie sahihi hapa kwamba umeipokea."

Mpishi alijifuta mikono, akaikunjua. Mstari wa kwanza ulisema: *Umesimamishwa kazi kuanzia leo ili kupisha uchunguzi wa sabuni ya sufuria ya pili.* Chini yake ilikuwapo mistari mingine, na nyuma yake karatasi ya pili iliyobanwa kwa pini. Hakuisoma. Alitia sahihi kwa ule mwandiko wake mzuri aliokuwa akijivunia, akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akashuka ngazi.

Hakuwa mpishi wa chakula. Nyumbani mkewe alipenda kuwaambia wageni kwamba mume wake ni mpishi wa miaka ishirini na tisa asiyejua kuchemsha yai. Alikuwa mpishi wa sabuni. Kiwanda kile kilikuwa na sufuria tatu za chuma, kila moja na kina cha kumzamisha mtu mzima, na ndani yake mafuta na magadi makali vilichemka pamoja kutwa nzima mpaka vikubaliane. Kazi ya mpishi ilikuwa kujua ni saa ngapi vimekubaliana. Aliuchovya mwiko wake wa mti, mrefu kama yeye mwenyewe, akauinua, akaipuliza ile sabuni iliyoganda kwenye ubapa wake, akaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikichoma kama upupu, magadi bado yamezidi. Ikichoma kidogo kisha ikatulia, imeiva. Isipochoma kabisa, imelala, magadi hayajatosha. Ofisi ilikuwa imenunua karatasi za kupimia zinazobadilika rangi, lakini Mpishi alizitia kwenye droo na kuisukuma droo kwa goti. "Karatasi haina ulimi," alisema, na wenzake wakacheka, na Meneja naye akaacha, kwa kuwa sabuni ya Mpishi haikuwahi kurudishwa hata mche mmoja.

Mpaka ile ya sufuria ya pili. Mama mmoja dobi, mteja wa miaka mingi, alikuwa amefua nayo nusu siku, na jioni ngozi ya viganja vyake ilibambuka. Wengine watatu wakafuata.

Kulikuwa na desturi kiwandani hapo. Kila mpishi alikuwa na mwiko wake na msumari wake ukutani. Mpishi akistaafu, aliondoka nao begani na wenzake wakamsindikiza mpaka getini wakipiga makofi. Akifa, ulipelekwa kwake. Mbali na hayo mawili, mwiko hautoki. Mwiko usipokuwa msumarini watu hawaulizi tena. Wanajua huyo mtu hayupo na hatarudi.

Mpishi alikwenda ukutani, akautungua mwiko wake.

Funguo alimwona. Funguo ndiye mtunza stoo, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya rundo la funguo lililomlegeza suruali, na walianza kazi wiki moja yeye na Mpishi. Miaka yote hiyo walikula chakula cha mchana pamoja juu ya kreti moja lililopinduliwa.

"Wewe, unakwenda nao wapi huo?"

"Nyumbani."

"Kwa nini? Mkeo kakosa wa kukuchapia?"

Mpishi alivuka ua na kutoka getini akiwa peke yake. Hakuna aliyepiga makofi.

*

Sebule yake ilitazama barabara, na barazani palikuwa na cherehani ya shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi nguo aliyejua habari za mtaa mzima kwa kuwa kila mtu alisimama kwake kupimwa. Shemeji aliuona mwiko kabla ya kumwona mtu.

"Shemeji, unga umemwagika nini?"

"Umemwagika."

"Barua?"

"Barua."

"Inasemaje?" mkewe aliuliza kutoka ndani. Alikuwa akikunja nguo zilizokauka, na shuka ilibaki imening'inia mikononi mwake.

"Inasema nimefukuzwa."

"Imeandikwa hivyo, umefukuzwa?"

"Imeandikwa nimesimamishwa."

"Ni kitu kimoja hicho," alisema Shemeji, akikata uzi kwa meno. "Kusimamishwa, kufukuzwa, kuachishwa, ni wao tu wanavyopenda kuremba. Mimi nilipofukuzwa kule kwenye kiwanda cha magunia waliniambia wananipumzisha. Mpaka leo nimepumzika."

Mpishi aliyashika maneno hayo kama mtu aliyepewa kiti. Aliusimamisha mwiko kwenye kona nyuma ya kabati, akakaa.

Ukweli ni kwamba yeye alizijua tofauti za maneno kuliko shemeji yake. Alisoma masomo ya jioni miaka minne, akiwa mtu mzima mwenye watoto, na kamusi yake ilikuwa juu ya kabati imefungwa kwa gazeti. Angeweza kunyoosha mkono. Angeweza hata kuisoma barua mpaka mwisho. Lakini aliyefukuzwa amekwisha hukumiwa, anakaa kwake na kinyongo chake, na hakuna mtu wa kumuuliza jambo. Na Mpishi hakutaka kuulizwa.

Kwa sababu tangu homa iliyomshika miezi mitatu nyuma, ulimi wake ulikuwa umekufa ganzi. Mwanzoni alidhani ni dawa. Kisha akadhani ni uchovu. Siku ile ya sufuria ya pili aliugusa ubapa wa mwiko mara tatu, na mara tatu hakusikia kitu. Naye, badala ya kujiuliza juu ya ulimi, aliuliza juu ya magadi. Akaona ni hafifu, hayakutosha. Akamwita Funguo kutoka juu ya jukwaa, "Niongezee nusu ndoo," na Funguo akampa nusu ndoo bila kuandika popote, maana kati yao mdomo ulitosha. Mpishi akaimimina. Akakoroga. Akaonja tena, bado bila kusikia kitu, akasema imeiva.

Habari ya nusu ndoo waliijua yeye na Funguo, na ni yeye peke yake aliyejua kuhusu ulimi.

*

Jumatatu ya kwanza aliipaka rangi fremu ya dirisha. Jumatatu ya pili alilikwangua dirisha lilelile, kwa kuwa rangi ilikuwa imeshika vumbi, akaanza upya. Jirani aliyepita na baiskeli alimwambia, "Mpishi, naona siku hizi unapika madirisha," naye akacheka inavyotakiwa. Mkewe alimletea chai saa nne na saa kumi, akasimama kidogo kumtazama akinywa, kisha akachukua kikombe.

Jumamosi iliyofuata Karani alifika. Alikuja kwa miguu, mkoba kwapani, akamsalimu Shemeji barazani, akaingia na kukaa bila kukaribishwa mara mbili.

"Mzee wangu, unaumwa?"

"Sijambo."

"Basi mbona huji kutia sahihi?"

"Mtu aliyefukuzwa anatia sahihi ya nini?"

Karani alivua miwani. "Nani kakufukuza?"

"Barua yako."

"Barua ile niliipiga chapa mimi. Neno kufukuzwa halimo. Iko wapi?"

Ilikuwa bado kwenye mfuko wa lile shati, na shati lilikuwa limetundikwa mlangoni tangu siku ile, halijafuliwa, jambo ambalo halikupata kutokea katika nyumba hiyo. Mkewe aliileta yeye mwenyewe, ikiwa imekunjwa vilevile mara nne. Karani aliifungua kwenye ukurasa wa pili, akaigeuza imwelekee Mpishi.

"Soma."

Alisoma. Wakati wa uchunguzi ataendelea kuhesabiwa kuwa mfanyakazi. Atafika ofisini kila Jumatatu saa mbili asubuhi kutia sahihi. Asipofika Jumatatu tatu mfululizo, itachukuliwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake. Kikao cha uchunguzi kitakaa Jumatatu ya tatu, naye atapewa nafasi ya kueleza.

"Maneno tu," Shemeji alisema kutoka barazani. Cherehani ilikuwa imenyamaza muda mrefu. "Mwisho wake wanamtoa."

"Kaka, shona," alisema mkewe Mpishi.

Karani hakugeuka. "Tukimfukuza mtu, mzee wangu, tumemaliza naye. Hatuna swali. Tukimsimamisha, maana yake tuna swali na bado tunasubiri jibu. Mimi nimewaandikia watu barua za aina zote mbili, na sijawahi kuzichanganya, kwa sababu siku nitakayozichanganya nitakuwa nimemwangamiza mtu. Wewe hatukukufukuza. Lakini umeutungua mwiko. Kule kiwandani wanasema umekubali kosa, wengine wanasema umesusa. Kesho kutwa usipokuja hakutakuwa na la kusema. Utakuwa umejiondoa mwenyewe."

"Na liwe hivyo."

"Liwe hivyo kwako. Kwa Funguo je?"

Mpishi alinyanyua uso.

"Stoo ina upungufu wa nusu ndoo ya magadi," Karani alisema. "Daftari halisemi imekwenda wapi. Anasema alikupa wewe, uliiomba. Wanamuuliza, karatasi iko wapi? Hana. Wanamuuliza, Mpishi anasemaje? Mpishi hayupo. Kwa hiyo sasa hadithi ni kwamba alipima vibaya tangu mwanzo, au aliiba hiyo nusu ndoo na sasa anakusingizia wewe. Yeye hatasimamishwa, mzee wangu. Kikao kikikaa bila wewe, yeye atafukuzwa. Barua yake nitaipiga chapa Jumatatu hiyohiyo mchana, na hiyo itakuwa na mstari mmoja tu."

Alivaa miwani, akasimama, akamshukuru mama mwenye nyumba kwa maji aliyoyanywa nusu. Mlangoni aliongeza, "Sikutumwa. Nikiulizwa, nilikuja kupimwa gauni."

"Basi simama nikupime," Shemeji alisema, "usije ukasema uongo."

*

Jumapili asubuhi mkewe alimpa chai, akakaa mbele yake. Hilo halikuwa la kawaida. Asubuhi yeye hakai. Mpishi alikunywa nusu kikombe.

"Chai ikoje?" aliuliza mkewe.

"Nzuri."

"Tamu?"

"Ndiyo, tamu. Kama siku zote."

Mkewe alikiangalia kikombe. "Baba watoto, sijatia sukari. Jana pia sikutia. Wiki nzima hii sikutia, na Alhamisi nilitia chumvi kijiko kizima, ukaniambia asante."

Mpishi alikiweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kula bila kulalamika. Miaka thelathini unaniambia nimezidisha, nimepunguza. Ghafla kila kitu kizuri. Nilidhani umepata mwanamke, ndiyo maana unanihurumia." Hakutabasamu. "Kisha nikasikia habari za yule mama dobi."

"Nilidhani utarudi. Ulimi."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Mimi nipo humu ndani hukuniambia. Sawa, tutagombana siku nyingine. Lakini Funguo amekula kwenye meza hii. Alipofiwa na mama yake alilala kwenye kile kiti."

"Nikienda nikasema, ndiyo mwisho wangu. Mpishi asiye na ulimi ni nani? Watanicheka mpaka getini."

"Huenda."

Mpishi alimngoja aseme kwamba hawatacheka. Mkewe alichukua kikombe, akakimwaga, akaenda zake uani. Mpishi alikaa pale mpaka jua likahama kutoka kwenye kiti kwenda ukutani, akijaribu maneno moja moja kichwani, *sikusikia*, *nilikosea*, *niliomba mimi*, na kila moja akaliacha kabla ya kulimaliza.

*

Jumatatu alivaa shati safi, akautoa mwiko nyuma ya kabati, akauweka begani. Hapana njia ya kuficha fimbo ndefu kama mtu. Barabarani walimtazama. Muuza vocha alimuuliza kama amepata kazi ya kupiga makasia. Getini mlinzi, aliyeuona mwiko ukitoka, aliuona ukirudi, akafungua geti bila kumsalimu kwa kuwa hakujua kuna salamu gani ya jambo kama hilo.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha ofisi, chenye feni inayogonga. Meneja alikuwa nyuma ya meza, Karani pembeni na daftari lake, Funguo kwenye benchi amekondeana kama aliyetoka kuugua. Rundo la funguo halikuwa kiunoni mwake. Lilikuwa juu ya meza ya Meneja. Kwenye kiti cha dirishani alikaa mama dobi, mikono mapajani, imefungwa bandeji mpaka kwenye vifundo vya mikono.

Funguo alimtazama Mpishi, akautazama mwiko, akageukia feni.

"Umechelewa dakika tano," Meneja alisema. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. "Lakini umefika. Tia sahihi kwanza."

Alitia. Mwandiko haukutoka mzuri.

"Mtunza stoo anasema ulimwomba nusu ndoo zaidi. Kweli si kweli?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na Mpishi aliuona. Angeweza kusema niliomba, kwa kuwa magadi yalikuwa hafifu. Funguo angepona nusu, naye angepona nusu, na lawama ingemwendea aliyeyaleta magadi, mtu wa mbali asiyekuwapo.

"Kweli," alisema. "Niliomba mimi, naye alinipa kwa kuwa hajawahi kuninyima. Magadi hayakuwa hafifu. Alipima sawasawa."

"Kwa hiyo uliomba ya nini?"

"Niliionja sabuni nikasikia imelala. Haikuwa imelala. Ulimi wangu ndio umelala. Tangu niliposhikwa na homa, miezi mitatu sasa, sisikii chumvi, sisikii sukari, sisikii magadi."

Kalamu ya Karani ilisimama, kisha ikaendelea.

Meneja alifungua droo, akatoa kipande cha sabuni ya sufuria ya pili kilichofungwa kwa plastiki. Pengine alitaka ushahidi, pengine hakuamini. Alikisukuma mezani. Mpishi alikifungua, akakigusa kwa ulimi, akangoja. Chumba kizima kilingoja. Mama dobi peke yake ndiye aliyefumba macho, kama kwamba yeye ndiye aliyeonja.

"Hakuna kitu," alisema Mpishi. Ncha ya ulimi wake ilikuwa imeanza kugeuka nyeupe. Karani ndiye aliyemsukumia glasi ya maji.

"Miezi mitatu," alisema Meneja. "Karatasi ziko kwenye droo miezi yote hiyo."

"Ziko."

"Kwa nini hukuzitumia?"

Jibu lililomjia Mpishi lilikuwa lile la siku zote, na safari hii lisingemchekesha mtu.

Mama dobi ndiye aliyesema. "Mimi sabuni ya huyu mzee nilikuwa siiangalii. Nyingine zote naanza na kidole kimoja kwanza, naona. Ya kwake natumbukiza mikono yote." Aliinua bandeji kidogo, akazirudisha mapajani. "Basi, nilitaka tu ajue hilo."

Meneja alimrudishia Funguo funguo zake bila maneno mengi, akamwonya kuhusu kutoa kitu bila kuandika. Kisha akamgeukia Mpishi. Alisema kikao hakiwezi kuamua siku hiyohiyo. Kuna daktari wa kumwona, na kuna watu wanne wenye mikono mibovu wa kusikilizwa wote. "Unabaki umesimamishwa. Utakuja Jumatatu ijayo, na inayofuata, mpaka tukuite. Tunaweza kukufukuza, sikufichi. Lakini leo hujafukuzwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa," Mpishi alisema, na mara hii alielewa kweli, na haikuwa nyepesi.

Funguo alimkuta uani, amesimama karibu na lile kreti lao. Hawakukaa.

"Ulikuwa unaniacha," Funguo alisema.

"Nilikuwa nakuacha."

"Zaidi ya wiki mbili. Mke wangu ameanza kuuliza kama niliiba."

"Najua."

"Hujui." Funguo alizining'iniza funguo kwenye mkanda, suruali ikashuka kidogo kama zamani, akaivuta. Alikwenda stoo akafungua mlango.

Mpishi aliingia kwenye jengo la sufuria. Mpishi mpya, mwanamke aliyekuwa akichochea moto zamani, alikuwa kwenye jukwaa la pili akichovya kipande cha karatasi kwenye sabuni na kukiinua mwangani kutazama rangi. Alimwona, akaguna salamu, akarudi kwenye karatasi yake. Msumari ulikuwa mtupu. Hakuna aliyetundika kitu hapo. Mpishi aliuinua mwiko akautundika, akabaki ameushika kwa muda, kisha akauachia.

Nyumbani mkewe hakumuuliza mlangoni. Alimwacha akae, akaleta chai, na safari hii alileta na bakuli la sukari akaliweka katikati ya meza, kijiko ndani.

"Wamesemaje?"

"Bado wananiuliza. Niende tena Jumatatu."

"Na Funguo?"

"Amerudishiwa stoo. Hakusema nami sana."

Mkewe alitikisa kichwa kukubali, kama aliyetarajia hivyo. Barazani cherehani ilikwenda hatua chache ikasimama, Shemeji akisikiliza. Mpishi alivuta bakuli. Alitia kijiko kimoja, akatia cha pili, akakoroga kwa hesabu kama mtu anayefundishwa, akanywa.

"Sasa imekuwa tamu?" aliuliza.

Mkewe alichukua kikombe mkononi mwake, akaonja.

"Imekuwa," alisema, akamrudishia.